Mshale wa Amonia

Mwalimu alikuwa na jozi mbili za viatu na hakuzichanganya hata siku moja. Vile vya ngozi nyeusi, vilivyong'arishwa mpaka ukaona uso wako, vilikuwa vya shule ya mapadri ng'ambo ya bonde, alikofundisha kemia. Sandali za tairi zilikuwa za Nyamirambo, mtaa wetu wa Waislamu. Kabla barabara haijaanza kupanda kuja kwetu palikuwa na jiwe kubwa kwenye ukingo wa kiwanja cha mtu, na hapo ndipo alipokaa kila alasiri akavua vya kule, akavaa vya huku. Vya ngozi alivifunga ndani ya gazeti akavibana kwapani. Wapita njia walimwona, na wengine walicheka bila kujificha. "Padri anavua misa," walisema, naye alikuwa anasikia.

Sitataja jina lake kwa sababu sijui nitaje lipi. Alikuwa na jina alilopewa na wazazi wake, jina la Kiislamu kama letu sote, na alikuwa na jina la shule. Wakati wake, mtoto wa Nyamirambo aliyetaka benchi katika shule ya misheni aliacha jina lake mlangoni na kupewa jingine pamoja na maji ya ubatizo kichwani. Wengi walikataa, wakabaki na jina lao na cherehani. Yeye alikubali. Mtaa haukumsamehe, wala mapadri hawakumwamini sana, maana walijua ana sandali. Mimi nilimwita Mwalimu, na nitamwita hivyo hivyo mpaka mwisho.

Hakuwa mtu mpole, na wanaomsifu siku hizi wanadanganya. Alikuwa na kiburi cha kuudhi. Mtu akikosea neno la Kifaransa, yeye alilirudia polepole, mara mbili, akimtazama aliyekosea mpaka mtu huyo akatamani ardhi ipasuke. Hakusifu. Ukipata jibu sahihi alisema, "Endelea," basi. Ukilikosa alikuuliza kama nyumbani kwenu mlikula. Alikuwa bahili wa chaki kuliko mtu yeyote niliyemjua, aliishika hadi ikawa kama punje ya mahindi, na kucha zake zikakwaruza ubao. Lakini huyu bahili wa chaki alitoa jioni zake zote. Alikuwa na ubao aliouegemeza kwenye ukuta wa baraza yake na mabenchi ya mbao za masanduku, na kila siku baada ya swala ya alasiri watoto wa mafundi, wa wauza vitambaa, wa wenye viduka, tulikaa hapo tukafundishwa hesabu na kemia bure. Aliyejaribu kumshukuru alifukuzwa. Mama yangu alimpelekea sambusa siku moja, akarudi nazo.

"Kama ninauza, nitakuambia bei," alimwambia. "Kama siuzi, acha."

Ndoa hakuipata. Aliwahi kupeleka posa kwa watu wa mtaa wa chini, na walimpokea vizuri, wakanywa chai, wakazungumza habari za mvua. Mwishoni mjomba wa binti aliuliza kwa upole kabisa: siku ya nikaha, tutasoma jina gani? Mwalimu aliweka kikombe chini akaaga. Hadithi hiyo aliisimulia mwenyewe kwa kucheka, na alipocheka ulimwona ana meno mazuri sana, lakini hakuwahi tena kupeleka posa popote.

Swala alisali. Hilo nalisema kwa sababu kuna watu watakaobisha. Ramadhani alifunga, na kule kwa mapadri alisimama darasani na midomo iliyokauka akifundisha vijana waliotoka kula. Jumapili alitakiwa awepo misani pamoja na walimu wenzake, alikwenda, akaimba na sauti yake nzito. Ijumaa adhuhuri alikuwa na vipindi, hivyo msikitini alionekana alasiri tu, safu ya nyuma kabisa, sandali kazishika mkononi kwa sababu ziliwahi kutupwa mtaroni. Nilimuuliza wakati mmoja, nikiwa bado mtoto wa kuuliza lolote, kama yale maji ya mapadri yalimbadilisha.

"Yalikuwa maji tu," alisema. "Andika."

Tulichokuwa tunaandika siku hiyo ni somo alilolipenda kuliko yote. Kwa Kifaransa liliitwa *liaison dative*, kifungo cha kupewa, na ndivyo tulivyoliandika, lakini maelezo aliyatoa kwa Kiswahili chetu, maana alisema mtu haelewi kitu mpaka akielewe katika lugha anayogombania nayo na ndugu zake. Kwanza alitukumbusha kifungo cha kawaida kati ya atomu mbili. Kila moja inaleta elektroni yake moja, zinawekwa katikati, jozi inakuwa ya wote wawili. "Ni ndoa ya heshima," alisema. "Huku wameleta, na kule wameleta." Halafu alichora amonia: azoti katikati, ambayo wengine huiita naitrojeni, na hidrojeni tatu zimeizunguka. Juu ya azoti aliweka nukta mbili peke yake.

"Hii jozi iko ya nani?"

"Ya azoti."

"Na nani anaitumia?"

Hakuna aliyekuwa anaitumia. Ilikuwa imekaa tu, kama chumba cha wageni. Kisha pembeni alichora hidrojeni ya nne iliyokuwa imenyang'anywa elektroni yake ya pekee. Hiyo haikuwa na nukta hata moja. Ilikuwa na alama ya kujumlisha tu juu yake, ile inayoonyesha upungufu.

"Huyu iko na nini?"

Tulisema hana kitu.

"Oya, hapana. Iko na nafasi." Hapo alipiga ubao kwa kidole. "Mutu asiye na nafasi huwezi kumupa kitu, amejaa. Huyu iko na nafasi, na azoti iko na jozi. Azoti inamuambia nini? Karibu, kaa, tutatumia ya kwangu. Elektroni zote mbili zimetoka upande mumoja. Na ule upungufu aliokuja nao, hawamuachii peke yake. Unakuwa wa nyumba yote."

Akachora mshale kutoka azoti kwenda kwa hidrojeni ile, kuonyesha nani ametoa. Akatuacha tuunakili. Halafu akachukua kitambaa cha ubao akaufuta, akaweka pale kistari cha kawaida kama vile vingine vitatu. Sasa zilikuwa hidrojeni nne zimeizunguka azoti, zote sawasawa. Akamwita mmoja wetu aje aonyeshe ni ipi iliyokuja mikono mitupu. Mtoto akasimama pale na kidole hewani, akashindwa.

"Vizuri," Mwalimu akasema, na hilo ndilo neno la sifa pekee nililowahi kumsikia akilitamka pale barazani. "Hata yeye mwenyewe hajui tena. Mushale ni wetu sisi, wa kujifunzia. Amonia haina mushale."

Kila mwaka aliufuta hivyo hivyo. Nilikuwa mtoto na niliona ni jambo zuri kupita kiasi. Leo nikilikumbuka namfikiria aliyetoa.

Ubao haukumtosha. Kwa fundi bati aliomba asidi kidogo, ile wanayosafishia bati kabla ya kulehemu, na kwa dobi akaomba amonia ya kutolea madoa. Aliweka chupa mbili wazi karibu karibu barazani, na kati yao ukazuka moshi mweupe mzito bila moto wowote. Kwetu mabenchini ilikuwa ni azoti inakaribisha hidrojeni mbele ya macho yetu. Kwa waliokuwa wanapita, Padri alikuwa anawafukizia ubani watakatifu wake, na watoto wawili wakazuiwa na bibi yao wasije tena. Mwalimu hakwenda kujieleza. Alisema akianza kujieleza Nyamirambo atakufa kabla hajafika mtaa wa pili.

Kuna jambo jingine la amonia ambalo ni kosa letu sisi, na sidhani lingetokea mahali pasipokuwa na mafundi cherehani wengi kama kwetu. Alituonyesha mrututu, yale mawe ya buluu yanayouzwa dukani kwa ajili ya vidonda. Uliyeyushwa katika maji, akatia amonia, ukageuka mzito kwanza, kisha ukawa buluu ambayo sijaiona tena, buluu ya kukufanya unyamaze. Alisema amonia zimeizunguka shaba, kila moja imeipa jozi yake. Baba yangu, fundi mzuri wa nguo za wanawake, alikuwa amekuja kunichukua. Aliiona rangi ile na macho yakamtoka. Hakuuliza kitu. Wiki ile ile alinunua mrututu, akamwendea dobi, akatia ndani ya beseni jora la pamba nyeupe, akawashonea gauni wasindikizaji wa bibi harusi. Na harusi yenyewe ilikuwa ya binti wa Hajji, mwenye duka kubwa la vitambaa na mwenyekiti wa kila kamati mtaani.

Gauni zilianikwa zikapendeza. Kufika siku ya harusi, harufu ilikuwa imekwisha na rangi nayo imekwisha, zimebaki na kijani cha maji ya sabuni, na msichana mmoja alipoinua mikono kupiga makofi mshono ukaachia pamoja na kitambaa chenyewe, kwa sababu dawa ile ilikuwa imekula pamba. Hajji alikuja kwetu akiwa bado na kanzu ya harusi. Alimkuta Mwalimu barazani kwetu, naye akamgeukia yeye.

"Rangi yako imekimbia, Mwarimu."

"Si rangi yangu, Hajji. Ni amonia imeondoka."

"Imeondoka imekwenda wapi?"

"Hewani. Aliyeleta vyote, akiondoka anaondoka na vyote. Hagawani na mutu."

Hajji hakuelewa na hakutaka kuelewa. Baba alichagua vipande ambavyo havijaoza, akavikunja mara nyingi na kuvishonea pindo, akampa Mwalimu kuwa kitambaa cha kufutia ubao. Sijui ilikuwa kuomba radhi au utani. Hicho Mwalimu alikipokea.

Sasa nifike kwangu. Nilipomaliza shule ya msingi nilikuwa na alama za kutosha kuingia kwa masista, na Baba aliapa sitabadili jina. Mama alilia kwa upande mmoja, Baba alinuna kwa upande mwingine. Mwalimu alikuja, akavaa viatu vya ngozi pale pale kwetu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya ndani ya mtaa, akaenda zake. Alirudi na kusema nitaanza muhula ujao, kwa jina langu, na wakati wa misa nitakaa maktaba. Tulidhani ni ufundi wa Kifaransa chake. Baba alichinja mbuzi, na Mwalimu hakuja kula.

Nilikuwa kidato cha juu nilipoujua ukweli, na aliyenieleza ni sista mzee wa maktaba, akidhani nimejua siku zote. Masista hawakuwa na mwalimu wa kemia. Mwalimu aliwaambia atawafundisha wao wenyewe kila Jumamosi, siku ambayo sisi wanafunzi tulikuwa nyumbani, bila kulipwa, mradi mimi niingie nilivyo. Kila Jumamosi niliyomwona akishuka mlima na viatu ndani ya gazeti, nikidhani anakwenda kutafuta riziki ya ziada, alikuwa anakwenda kunilipia jina. Nilimwendea barazani nikilia.

"Kwa nini hukutuambia?"

"Ningesema nini?"

"Ungesema."

"Umepata benchi?"

"Ndiyo."

"Jina liko wapi?"

"Ninalo."

"Basi," alisema. "Mushale umefutwa. Kaa, uwasaidie hao watoto hesabu."

Nafika sasa kwenye kitu ambacho Mwalimu alikitaka maishani, kimoja tu nijuacho mimi. Alitaka kuwe na shule ya sekondari ya kwetu, ambamo mtoto wa Nyamirambo angeingia na jina lake na kukuta mwalimu wa kemia ambaye ana jina kama hilo. Alilisema hilo miaka na miaka, hata watu wakalichoka. Na shule ikajengwa. Watu wa mtaa walichanga matofali na mabati, mafundi wakashona pazia na sare, Hajji akawa mwenyekiti. Mwalimu alibeba mawe kama wengine. Aliwachorea chumba cha maabara kilivyotakiwa kukaa, madirisha makubwa ya kutoa moshi, beseni kwenye kona. Yeye aliyekuwa haombi kitu aliomba kufundisha humo. Alisema ataacha kwa mapadri hata kama mshahara ni nusu.

Kamati ilikutana kwetu, sebuleni, kwa sababu Baba alikuwa mjumbe. Nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo kikuu na mimi ndiye niliyekuwa naleta chai, kwa hiyo nilisikia yote. Nusu ya wajumbe walikuwa watoto wa mabenchi yale ya masanduku, sasa wana ndevu.

"Sisi hatuna neno mubaya na yeye," Hajji alisema, na Mwalimu amekaa mbele yake. "Mwarimu iko mutu muzuri. Watoto yetu yote amefundisha. Lakini shule iko ya dini, na watu wanauliza. Tunaomba kitu kidogo. Ijumaa moja, baada ya swala, asimame mbele ya watu, aseme shahada. Kama vile anayeingia anasema. Dakika moja. Halafu Jumatatu aingie darasani."

Mwalimu aliuliza, "Niseme mara ya ngapi?"

"Mara ya kwanza."

"Na zile ninazosema kila siku ndani ya swala, tangu mutoto, zilikuwa za nani?"

"Hizo unajua wewe na Mungu."

"Na hii moja ya Ijumaa mutaijua ninyi." Akaweka kikombe chini, na nikakumbuka hadithi ya posa. "Hajji, anayeingia ni yule alikuwa nje. Mimi nilikuwa nje wapi?"

"Unajua mwenyewe ulikuwa wapi."

"Nilikuwa barazani na mutoto yako. Hesabu zilimushinda."

Kuna mtu alikohoa. Hapo Baba, aliyekuwa anaizungusha futi yake ya kitambaa kidoleni kama hayupo, alisema kwa sauti ya chini, "Mwarimu, sha, ni mudomo tu. Dakika moja. Ya mapadri si ulikubali?"

Nilimtazama Baba na sikuamini ni yeye. Mwalimu alimgeukia bila hasira.

"Nilikuwa mutoto," alisema. "Nikasema ni maji tu. Ni ninyi ndiyo mumenifundisha kwamba hakuna maji tu. Miaka yote hii mumenifundisha. Sasa nimeelewa somo, munataka nilisahau kwa dakika moja."

Akasimama, akashukuru kwa chai, akatoka. Hajji alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli, nadhani yalikuwa ya kweli, akasema, "Tenda wema nenda zako." Nimegundua kwamba wanaopenda methali hiyo ni wale wanaotendewa. Kwetu nyumbani ilitawala ile nyingine, asante ya punda ni mateke, na mimi nikaisema pale pale na sinia mkononi, mbele ya wazee, Baba akaniamuru nitoke. Tulikaa bila kusemezana mimi na Baba mpaka likizo ikaisha.

Walitafuta mwalimu wa kemia wakakosa. Mwaka wa kwanza alifundisha mtu wa jiografia, wa pili hakufundisha mtu. Na jioni ya siku ile ya mkutano nilikwenda kwa Mwalimu nikiwa na uhakika nitaukuta ubao umegeuziwa ukutani. Nilitaka nikute hivyo. Nilikuwa nimekumbuka gauni za harusi, nilitaka aondoke na vyote alivyoleta, kama amonia ile, mtaa mzima upauke, mishono iachie, ndipo watu wajue rangi yao ilitoka kwa nani. Nilimkuta anapanga mabenchi.

"Hata leo?" niliuliza.

"Leo ni siku ya hesabu."

"Waache. Wakome."

"Nani?" alisema, akanionyesha watoto waliokuwa wanakuja na vifurushi vyao. Mmoja alikuwa mjukuu wa Hajji. "Huyu amenifanyia nini?"

Nilimchukia kwa swali hilo. Nilimwona mjinga. Nilimwona pia kama mtu anayefanya makusudi, anayetaka wote wawe na deni kwake lisilosemwa. Hata sasa sijui ni lipi. Ila niliona jambo moja jipya: jioni ile alipofuta ubao alibaki amekishika kile kitambaa cha buluu iliyokufa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Nilipomaliza chuo, kamati ilikuja kwetu tena, safari hii kwa ajili yangu. Nilikuwa na shahada ya kemia na jina safi. Hajji alisema hivyo kwa mdomo wake, jina safi, akitabasamu. Nilitaka kuwatupia chai. Nilikwenda kwa Mwalimu kumwambia nitakataa.

"Chukua," alisema.

"Jina hili ni safi kwa sababu yako."

"Ndiyo nakuambia chukua. Nafasi ikikaa wazi, kitaingia kitu kingine. Watoto watapewa tena yule wa jiografia."

Nikachukua. Chumba cha maabara kilikuwa kama alivyokichora, madirisha makubwa, beseni kwenye kona. Yeye hakuwahi kutia mguu humo. Akipita na njia ile alivuka upande wa pili wa barabara, na nikawa namwona kupitia madirisha yake mwenyewe.

Baadaye mapadri walimstaafisha. Walimpa mkono na picha ya kutundika, na viatu vya ngozi vikabaki chini ya kitanda chake. Alikonda. Barazani watoto walipungua, maana shule ilikuwa imepata walimu, na watu walisema kwa nia njema kabisa kwamba mzee sasa apumzike. Hilo la nia njema ndilo lililomzeesha, naamini mimi.

Mara ya mwisho nilipokuwa naye kwa kirefu ni siku nilipomwalika darasani kwangu. Ilinibidi nimwombe Hajji, ambaye naye alikuwa amezeeka na kutembelea fimbo. Alifikiri sana. Akasema Mwarimu anakaribishwa kama mugeni, asikilize, lakini asifundishe, watu wasije wakasema. Nilikwenda kumpa Mwalimu ujumbe huo nikitarajia ataurudisha kama sambusa za mama yangu. Aliniuliza tu ni somo gani. Nilimwambia.

Alikuja na viatu vya ngozi. Kilikuwa kitu cha kwanza nilichokiona, vile viatu vyeusi vimeng'arishwa, vimepita katikati ya Nyamirambo mchana mbele ya watu wote, havikuvuliwa kwenye jiwe. Wanafunzi walisimama kumwamkia. Nikampa kiti changu, akakataa, akaenda kukaa benchi la nyuma kabisa, kwenye safu yake ya siku zote kama kule msikitini, akaunganisha mikono juu ya dawati.

Nilifundisha. Nilichora azoti na hidrojeni tatu, nikaweka nukta mbili juu, nikamleta wa nne asiye na kitu. Niliuliza maswali yale yale na nikapata majibu yale yale, kwamba hana kitu, nikawaambia hapana, ana nafasi. Nilichora mshale. Wanafunzi waliunakili. Nikaweka chaki chini, nikawapa zoezi, nikakaa, na hapo nilimwona Mwalimu anautazama ubao, halafu ananitazama mimi, halafu ubao tena. Kengele ikalia. Wanafunzi walimpita mmoja mmoja wakimpa mkono, na aliwauliza kama nyumbani kwao walikula.

Tulipobaki wawili alisimama polepole, akaja mbele hadi mezani kwangu.

"Somo zuri," alisema. Nilishtuka, maana sikuwa nimezoea. "Lakini umesahau kufuta mushale."

"Sikusahau, Mwalimu."

Nje, varandani, fimbo ya Hajji ilikuwa inagonga sakafu, anakuja kuona kama mgeni ameshaondoka. Kitambaa cha ubao kilikuwa pale mezani karibu na mkono wa Mwalimu. Alikigusa, akakiacha. Alirudi kwenye lile benchi la nyuma, akainama kidogo, akakaza macho kuelekea mbele.

"Basi urefushe," alisema. "Kutoka huku nyuma hauonekani."

Nikachukua chaki, nikaurefusha.